Kimeng'enya kinachovunja nyurotransmita kinatengenezwa wapi?

Hapa Bagamoyo ninapofundisha tuisheni ya baiolojia, kipindi ni cha Kiingereza, lakini maswali yenyewe hasa huja kwa Kiswahili, kipindi kikiisha na watu wanakunja madaftari. Hili haliachi kuja kila mtihani wa kidato cha sita unapokaribia: vimeng'enya vinavyovunja nyurotransmita, yaani kemikali zinazopeleka ujumbe kutoka seli ya neva hadi seli nyingine, seli ya neva huvitengenezea wapi?

Wengi hujijibu wenyewe: kwenye sinapsi. Siwalaumu. Mchoro wa kitabuni huonyesha kimeng'enya kimekaa pale penye mwanya kati ya seli na seli, kikikata asetilikolini, mojawapo ya nyurotransmita, vipande viwili, asetati na kolini. Jicho likikiona pale, linaamini na kuzaliwa kilizaliwa pale pale. Ni kama kudhani mananasi yanayouzwa stendi yamelimwa stendi. Yametoka Kiwangwa.

Kiwangwa ya seli ya neva ni mwili wake, ile sehemu nene yenye kiini. Kimeng'enya hiki, asetilikolinesterasi, ni protini, na protini haiundwi bila maelekezo ya jeni. Jeni zimo ndani ya kiini. Nakala ya jeni hutoka kwenye kiini, husomwa na ribosomu, na ribosomu huunganisha asidi amino moja baada ya nyingine mpaka protini ikamilike. Mwisho wa karne ya 19 daktari Mjerumani Franz Nissl alitia rangi seli za neva akaona ndani yake mabaka mazito. Leo tunajua kuwa mabaka hayo ni marundo ya ribosomu na utando zinamokaa. Ukiyatazama kwa hadubini utaona jambo ambalo nadhani lingestahili kuchorwa kitabuni kwa wino mwekundu: mabaka yamejaa mwilini mwa seli, yanaingia kidogo kwenye dendraiti, yale matawi yanayopokea ujumbe, halafu yanakoma pale inapoanzia aksoni, ule mkono mrefu unaopeleka ujumbe mbali. Kiwanda kimeishia mlangoni.

Protini ikishatoka kwenye ribosomu hupita katika vifaa vya Golgi, hurekebishwa, hufungashwa katika vifuko vidogo. Sasa ina safari.

Watu wa mji huu hawahitaji kuelezwa mpagazi ni nani. Misafara iliondoka hapa na nguo na shanga kwenda bara, ikarudi na pembe. Ndani ya aksoni kuna nyuzi ndefu ziitwazo mikrotubuli, ndizo njia, na juu yake hutembea protini iitwayo kinesini, yenye miguu miwili kwelikweli, kifuko kiko juu. Hatua yake moja ni nanomita 8, na kila hatua hula molekuli moja ya ATP, chakula cha nishati cha seli. Iligunduliwa mwaka 1985 kwa msaada wa ngisi, kwa kuwa ngisi ana aksoni nene kiasi cha kuonekana kwa macho matupu. (Wanafunzi hucheka wakisikia hivyo. Ngisi kwao ni wa kukaanga pale soko la samaki.) Mzigo wa kurudi una mpagazi wake mwingine, daineini, naye hubeba vilivyochakaa kuvipeleka kwenye mwili wa seli vikavunjwe.

Mwendo wa haraka wa mizigo hii hufika milimita 400 kwa siku. Kutoka uti wa mgongo hadi kwenye misuli ya unyayo ni kama mita moja kwa mtu mzima, kwa hiyo kimeng'enya kilichoundwa leo kitafika siku mbili na nusu baadaye. Kwa hatua za nanomita 8, hiyo ni safari ya hatua milioni 125. Ushahidi wake si wa hesabu tu: watafiti walipoifunga neva ya mnyama kwa uzi, kimeng'enya kilirundikana kwenye fundo, upande unaotoka kwenye mwili wa seli. Kiasi kidogo kilirundikana upande wa pili pia, kile kilichokuwa njiani kurudi.

Kikifika mwisho wa aksoni hutolewa nje na kushikizwa penye mwanya, na hapo kila molekuli yake huvunja maelfu ya asetilikolini kwa sekunde moja.

Si vyote vinavyofuata njia hiyo. Monoamini oksidasi, inayovunja dopamini na serotonini, huundwa na ribosomu zinazoelea, bila kupitia Golgi, kisha hujipachika kwenye ganda la nje la mitokondria, vile vyumba vya seli vinavyozalisha nishati. Mitokondria ikisafirishwa, nayo imepanda humo. Hiyo haitoki nje ya seli kabisa. Hungoja nyurotransmita irudishwe ndani. Na pale neva inapokutana na msuli, jibu la "mwili wa seli" linahitaji nyongeza, maana sehemu kubwa ya asetilikolinesterasi ya hapo hutengenezwa na msuli wenyewe.

Mkulima anaweza kulipia hili kwa mwili wake. Baadhi ya dawa za kuulia wadudu, za jamii ya oganofosfeti, hung'ang'ania asetilikolinesterasi na kuizuia kufanya kazi. Asetilikolini hujaa isivunjwe: mate, jasho na machozi humtoka mtu, mboni zinasinyaa, misuli inatetemeka, kupumua kunakuwa shida. Hospitali humpa atropini, na akiwahishwa, pralidoksimu hukibandua kimeng'enya kutoka kwenye sumu. Akichelewa, kifungo hukaza moja kwa moja, na hapo hakuna njia ila mwili utengeneze kimeng'enya kipya tangu mwanzo.

Ndiyo maana daktari akitaka kujua sumu imeingia kiasi gani hupima damu. Seli nyekundu zina kimeng'enya hicho hicho juu yake, ila hazina kiini wala ribosomu, basi haziwezi kuunda kingine. Kipimo hupanda polepole, karibu asilimia 1 kwa siku, kadiri seli za zamani zinavyokufa na mpya zinavyotoka kwenye uboho. Seli nyekundu huishi siku 120 hivi.