Kisasi si kila risasi

Juzi nilikaa kwenye kibanda umiza kimoja, benchi la nyuma kabisa, wanaonyesha Death Wish, ile ya zamani ya mwaka 1974 ya Charles Bronson. Mtafsiri kashika maiki, na kila risasi ikilia anapaza sauti: "Analipiza kisasi cha mke wake!" Nilivumilia mara ya kwanza. Ya tano nikaanza kuhesabu kwa sauti, jirani yangu akaniangalia vibaya.

Kujichukulia sheria mkononi ni raia asiye na mamlaka kujifanya polisi, hakimu na mnyongaji kwa mpigo. Hilo sote tunalijua. Ninachogombania ni neno kisasi: si kila anayejichukulia sheria mkononi analipiza.

Neno hili tumelipata kwa Waarabu, qisas, na mzizi wake una maana ya kufuata nyayo. Mzizi huohuo ndio uliotupa kisa, maana msimulizi naye hufuata nyayo za tukio hatua kwa hatua. Katika Sura ya Al-Qasas, mama yake Musa anamwambia binti yake amfuatie mtoto aliyetiwa mtoni, na kitenzi alichotumia ni cha mzizi huo. Kwa hiyo kisasi kina anwani. Unafuata alama mpaka kwa yule aliyekutenda, unaishia hapo. Tena katika sheria ya Kiislamu kina mipaka: kadhi ndiye anayeamua, na Al-Baqara aya ya 178 inamwachia ndugu wa aliyeuawa nafasi ya kusamehe. Sisi mtaani tumelivua neno masharti yote hayo tukabaki na hasira tu, lakini anwani hatujaifuta. Hata ugomvi wa watoto, ukipigwa na Juma humpigi Hamisi ukasema umelipiza.

Sasa mtazame Paul Kersey, yule anayeigizwa na Bronson. Ni msanifu majengo wa New York. Wahuni watatu wanaingia nyumbani kwake, wanamuua mkewe na kumharibu binti yake. Baadaye anatembea usiku na bastola, bustanini na kwenye treni ya chini ya ardhi, akingoja kibaka yeyote amjie. Anawaua mmoja baada ya mwingine. Wale watatu? Hawatafuti, hawajui kwa sura, na filamu inakwisha bila yeye kukutana nao. Hakuna nyayo hata moja aliyoifuata. Amejichukulia sheria mkononi, ndiyo, na polisi wakishamjua wanamwondoa mjini kimyakimya aende Chicago. Kisasi hakimo.

Taa zilipowashwa nikamfuata mtafsiri, taratibu, maana ile ni kazi yake na anaiweza kuliko mimi.

"Kaka, yule hajalipiza. Waliomuua mkewe bado wako mtaani."

Akafikiri kidogo huku akikunja waya wa maiki. "Kwa hiyo nisemeje?"

"Sema anawinda vibaka."


"Haina mzuka," akasema, "ila kesho nitaijaribu."