Sindimba si ya wapigaji peke yao

Wengi wanaofika Mtwara kwenye tamasha la mtaani hudhani sindimba ni kazi ya wapigaji na wachezaji, wengine wote ni watazamaji. Sivyo. Ngoma hii ya Wamakonde huchezwa ndani ya duara la watu, na duara hilo lina kazi. Mwimbishaji akitoa mstari, umati ndio unaoitikia. Makofi yanashika mapigo, na vigelegele vya akina mama vikipanda, mpigaji hukoleza mkono. Vikipoa, naye hupoa. Hata ule moto wa pembeni si pambo: ngozi ya ngoma hupashwa joto ikaze, sauti ipande. Zile kamba za kuzuia watu, wanazozipenda mno baadhi ya waandaaji, huinyima ngoma waitikiaji wake.