Pacha wa kidijitali wa jengo ni nini?

Mwaka jana, kwenye jengo la ghorofa nne ninalolisimamia Milimani, Kisumu, tulitoboa ukuta mara tatu tukitafuta bomba lililokuwa likivuja. Ramani ilisema limepita kushoto kwa mlango. Waliojenga walilipitisha kulia, na hakuna aliyeandika popote. Vigae vikavunjwa bure, wapangaji wakakaa siku mbili bila maji.

Tangu hapo nimelifuatilia sana jambo hili la pacha wa kidijitali. Ni nakala ya jengo ndani ya kompyuta, inayopokea habari kutoka kwa jengo lenyewe kila wakati. Maana yote iko kwenye huko kupokea. Modeli anayochora msanifu, hata ioneshe kila nondo na kila waya, ni picha ya siku iliyochorwa. Inageuka pacha pale vihisi, yaani vifaa vidogo vya kupima, vinapofungwa kwenye pampu, tangi na mita za maji na stima, vipimo vyake vikawa vinaingia humo.

Chukua tangi la juu ya paa. Saa nane za usiku, watu wamelala, lakini kina cha maji kinashuka polepole na pampu inawaka tena na tena. Pacha anaonesha mita ya maji ya ghorofa ya pili ndiyo inayozunguka, na bomba la ghorofa hiyo limepita ukuta gani. Fundi anakuja asubuhi akijua pa kugonga.

Wazo hili mtaalamu wa Marekani, Michael Grieves, alilieleza mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Michigan, akizungumzia bidhaa za viwandani. Jina lenyewe lilienea baada ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, kulitumia mwaka 2010.

Faida huanza mapema. Wakati wa kuchora, modeli hupima jua la alasiri litakavyopiga madirisha ya magharibi, jambo ambalo mkaazi wa Kisumu halihitaji kuelezwa. Wakati wa kujenga, ukuta hupigwa picha kabla ya plasta na kulinganishwa na modeli. Bomba letu lingegunduliwa hapo, likarekebishwa au modeli ikasahihishwa.

Ila pacha asipolishwa hudanganya. Fundi akihamisha vali leo na asiandike, kesho tunatoboa ukuta usio wenyewe. Kwetu tumeanza na kihisi kimoja cha tangi, na hakuna ukuta unaozibwa kabla sijaupiga picha.