Chanjo ya mdondo kwa vifaranga haihitaji sindano

Wafugaji wengi wa kuku wa kienyeji bado wanaamini kwamba chanjo isiyochomwa kwa sindano haina nguvu. Imani hii inaua vifaranga. Mtu anakosa sindano ndogo, anaahirisha, mdondo (wengine huuita kideri) unaingia bandani, na ndani ya siku chache banda ni tupu.

Chanjo ya mdondo iitwayo I-2, inayotengenezwa pia hapa Tanzania, hudondoshwa jichoni. Tone 1 tu, sawa kwa kifaranga na kwa jogoo, kisha unarudia kila baada ya miezi 3. Ndani yake mna kirusi hai kisicho na makali, na kutoka jichoni kinateremka puani na kooni, njia ileile inayotumiwa na mdondo wenyewe. Kwa hiyo kinga hujengeka hapohapo mlangoni.

Mlaze kifaranga ubavu kiganjani, jicho litazame juu. Dondosha, kisha subiri apepese. Akipepesa, imeingia. Ukimwachia mapema, tone linamwagika shavuni na huyo hajachanjwa. Kichupa kikae kivulini.

Sindano ina kazi yake: ndui ya kuku huchanjwa kwa sindano ya ncha mbili inayotoboa ngozi nyembamba ya bawa. Hiyo usiipanguse kwa spiriti kabla ya kuichovya, maana spiriti itaua chanjo. Ichemshe, iache ipoe.

Na tafadhali, chanja kuku wazima. Aliyekwisha kuugua mdondo, chanjo haimponyi.