Msitu hauponi kwa kuwafukuza watu

Wengi huamini kwamba njia ya uhakika ya kuunusuru msitu wa mvua ni kuwahamisha wakazi, kuweka askari na kupiga marufuku shoka. Kaskazini mwa Guatemala, katika hifadhi ya Maya iliyoanzishwa mwaka 1990, imani hiyo imepata mtihani mgumu.

Ndani ya hifadhi mna mbuga ya taifa, Laguna del Tigre, ambako kukata miti ni marufuku. Mna pia maeneo ambayo serikali iliyakabidhi kwa vijiji kwa mikataba ya miaka 25, na humo wanakijiji wanakata miti kihalali. Ungedhani hao ndio watakaoumaliza msitu. Kumbe sehemu kubwa za mbuga ndizo zilizoungua na kugeuzwa malisho ya ng'ombe, huku misitu ya Uaxactún na Carmelita, vijiji viwili vyenye mikataba hiyo, ikibaki karibu yote.

Siri ni hesabu. Eneo hugawanywa vitalu. Kila mwaka huvunwa kimoja, tena miti michache iliyokomaa, kisha kitalu hicho huachwa kwa miongo. Mapato mengine hutokana na utomvu wa kutengenezea chingamu, na xate, mmea mdogo wa jamii ya minazi ambao majani yake huuzwa nje kupambia mashada ya maua. Mwenye mkataba mrefu ana sababu ya kuuwahi moto. Aliyefukuzwa anayo sababu gani?

Si vijiji vyote vilivyofaulu, lakini. Baadhi ya mikataba ilifutwa baada ya wafugaji kujipenyeza na kumiliki ardhi.