Hopsi moja, kazi mbili: kuigawa Centennial kwenye lita 20 za bia

Anayepika bia nyumbani na anataka kununua aina moja tu ya hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu na harufu, mimi humshauri achukue Centennial. Ilitoka rasmi jimboni Washington, Marekani, mwaka 1990. Asidi yake ya alfa, ile inayoleta uchungu, huwa kati ya asilimia 9.5 na 11.5, kwa hiyo kiasi kidogo kinatosha kutia uchungu, na mafuta yake yananukia limau, maua na msonobari kwa mbali. Kiwanda cha Bell's cha Michigan hutengeneza Two Hearted kwa hopsi hii peke yake.

Shida ni kwamba kazi hizo mbili, kutia uchungu na kutia harufu, zinagombana sufuriani. Asidi ya alfa hutoa uchungu wa kweli baada ya kuchemka muda mrefu na kubadilika umbo, ilhali mafuta ya harufu yakichemka muda huohuo huondoka na mvuke. Ukitia pakiti nzima mwanzoni utapata bia chungu isiyonukia.

Kwa lita 20 za maji ya kimea, haidromita (kipimo cha sukari iliyomo) ikisoma 1.060 na vidonge vya hopsi vikiwa na alfa asilimia 10, mimi hugawa hivi. Gramu 25 zichemke dakika 60. Hizo zinatoa IBU (kipimo cha uchungu wa bia) 26 hivi. Subiri povu la kwanza lishuke kabla ya kuzitia, la sivyo sufuria itafurika. Gramu 25 nyingine zitie zikibaki dakika 15, upate IBU 13 za nyongeza na ladha ya ganda la limau. Zima moto, poza hadi nyuzi 80, tia gramu 30, koroga, acha dakika 20. Kwenye joto hilo uchungu unaoongezeka ni kidogo, na mafuta mengi yanabaki.

Soma alfa iliyoandikwa kwenye pakiti, maana hubadilika kila mavuno. Zidisha gramu zako kwa 10, kisha gawanya kwa namba ya pakiti: alfa ikiwa 8.5, zile 25 za mwanzo zinakuwa 29. Za harufu ziache kama zilivyo. Aliye Nairobi, ambako maji huchemka karibu na nyuzi 94, atapata uchungu pungufu kwa gramu zilezile; aongeze kidogo hizo za dakika 60, aonje, arekebishe mpiko unaofuata.

Gramu 60 za mwisho hulowekwa kwenye bia yenyewe, na hapa ndipo wengi huharibu. Ngoja haidromita isome namba ileile siku mbili mfululizo, yaani uchachu umetulia, kisha loweka siku 3. Zikikaa mno bia huanza kuonja majani mabichi. Fungua ndoo haraka na uifunge. Hewa ikiingia, harufu ya limau hufifia na rangi hugeuka kahawia. Na usikimbilie kujaza chupa: hopsi zisizochemshwa zina vimeng'enya vinavyovunja sukari ambazo hamira ilishindwa kuzila, hivyo uchachu unaweza kuanza upya. Pima tena. Namba ikiwa bado inashuka, subiri, kwa sababu chupa iliyofungwa wakati huo inaweza kupasuka.

Hopsi zinazobaki zitoe hewa, zifunge, weka kwenye friza. Zikinuka jibini, zitupe.