Mekanika ya molekuli moja moja ni nini?

Ni tawi la biofizikia ambalo mtafiti hushika molekuli moja tu ya DNA au protini, akapima nguvu inayotakiwa kuivuta, kuikunjua au kuikwamisha ikiwa kazini. Zamani molekuli zilipimwa kwa mabilioni ndani ya chupa, ukapatikana wastani. Wastani una faida yake, lakini unaficha kwamba hii imesimama, ile inarudi nyuma na nyingine inakwenda mbio. Ni sawa na kusikia shangwe ukiwa nje ya uwanja wa mpira: goli limeingia, lakini nani kafunga na kwa mguu gani, hujui.

Kati ya waliofungua njia ni Carlos Bustamante, mzaliwa wa Lima, Peru, mwaka 1951. Alianza na udaktari, akahamia biolojia, na mwaka 1981 akapata shahada ya uzamivu Berkeley, Marekani. Mwaka 1992 yeye, Steven Smith na Laura Finzi walichapisha vipimo vya mnyumbuko wa molekuli moja ya DNA.

Chombo maarufu cha kazi hii ni kibano cha mwanga, kilichompa Arthur Ashkin Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Lenzi ya hadubini hukusanya mwanga wa leza mpaka nukta moja, na kipunje cha plastiki kikipita hapo kinanaswa. DNA hufungwa vipunje viwili, kimoja kila ncha. Kimoja kinashikwa na mwanga, kingine kinafyonzwa kwenye mdomo wa mrija mwembamba wa kioo. Mrija ukisogezwa, DNA inakaza na mwanga unapinda kidogo. Kupinda huko ndiko kunakopimwa.

Kipimo cha nguvu hiyo ni pikonyutoni. Nyutoni moja ni kama uzito wa kitu cha gramu 100. Igawanye mara trilioni. DNA ikivutwa kufikia takriban pikonyutoni 65, inaachia ghafla na kurefuka hadi karibu mara 1.7 ya urefu wake.

Kwangu, utafiti mzuri kuliko yote ni wa mwaka 2001, wa kirusi phi29 kinachoshambulia bakteria. Mota yake, yaani mashine ndogo ya molekuli, husokomeza DNA ya mikromita zaidi ya 6 ndani ya ganda la nanomita kama 50 (mikromita moja ni nanomita 1,000). Kundi la Bustamante liliishika DNA hiyo kwa nje na kuivuta: mota ilishindana na nguvu ya hadi pikonyutoni 57, wakati kinesini, protini inayobeba mizigo ndani ya seli zetu, hukwama karibu na 6. Kadiri ganda lilivyojaa, ndivyo mwendo ulivyopungua. Shinikizo linalobaki humo huenda ndilo linalosaidia kuisukuma DNA iingie ndani ya bakteria.